Mwalimu Nyerere na Mambo ya Mafuta

Wasomaji wenzangu, mwaka huu nimepewa nafasi katika sehemu ya Kiswahili ya gazeti letu niandike maisha ya mtu mashuhuri aliyekwisha kufa. Mimi nimemchagua Mwalimu Julius Kambarage Nyerere wa Tanzania. Najua habari zake zimeandikwa na watu wengi, tena wakubwa kuliko mimi. Kwa hiyo katika habari hizo nimeshika moja tu, nayo ni habari ya mafuta: petroli, ambayo sisi hapa Bujumbura twaiita esansi, na mazuti ya malori, na mafuta ya taa.

Labda mtu atauliza, mbona sikumchagua Mfalme Faisal wa Saudia, au Shah wa Irani, watu waliokuwa na visima vyao? Jibu langu ni kwamba habari za mwenye kisima twaweza kuzikisia. Aliye nacho huuza, akikasirika hufunga. Lakini mtu anayetawala nchi isiyo na tone, tena akataka asimpigie mtu magoti, yeye hufanyaje? Na sisi tunaokaa Buterere, ambao katika mwaka wa 2024 tulitembea kwa miguu kutoka mjini hadi nyumbani kwa sababu mabasi yalikuwa yamepanga foleni ya esansi siku tatu, swali hili si la kitabuni.

Kambarage alizaliwa tarehe 13 Aprili 1922 huko Butiama, karibu na Ziwa Viktoria. Baba yake, Nyerere Burito, alikuwa chifu wa Wazanaki, na mama yake aliitwa Mgaya. Yasemekana alipewa jina la Kambarage, ambalo ni jina la mzimu wa mvua, kwa kuwa siku ile mvua ilikuwa ikinyesha. Alichunga mbuzi kama watoto wengine, na shule hakuianza mpaka alipokuwa na umri wa miaka kumi na miwili, huko Mwisenge, Musoma. Kutoka hapo alikwenda shule ya serikali ya Tabora, kisha Makerere katika Uganda. Alibatizwa mwaka wa 1943 akaitwa Julius. Alipomaliza Makerere alirudi Tabora kufundisha katika shule ya misheni ya St. Mary's, na mwaka wa 1949 akaenda Edinburgh katika nchi ya Scotland, akarudi mwaka wa 1952 na shahada ya M.A. Baadaye akafundisha Pugu, nje kidogo ya Dar es Salaam. Tarehe 7 Julai 1954 yeye na wenzake wakakiunda chama cha TANU. Mwaka uliofuata akatakiwa achague kazi ya ualimu au siasa; akaacha mshahara, lakini jina la Mwalimu halikumwacha mpaka kufa.

Tanganyika ikapata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Miezi miwili kabla ya siku ile, sisi Warundi tulikuwa tumempoteza Mwanamfalme Louis Rwagasore, aliyepigwa risasi hapa mjini tarehe 13 Oktoba. Rwagasore na Nyerere walikuwa marafiki, na TANU ilikuwa imemsaidia Rwagasore na chama chake cha UPRONA. Naomba msomaji alikumbuke jambo hili, maana tutalirudia.

Sasa niingie katika mafuta yenyewe. Tarehe 11 Novemba 1965 Bwana Ian Smith na walowezi wenzake wa Rhodesia, ambayo siku hizi ni Zimbabwe, walijitangazia uhuru wao wenyewe ili Waafrika walio wengi wasitawale. Nchi za Umoja wa Afrika zikakubaliana kwamba Uingereza isipomwondoa Smith kabla ya tarehe 15 Desemba, wote wavunje uhusiano na Uingereza. Siku ilipofika wengi walinyamaza. Nyerere alivunja, ingawa Uingereza ilikuwa imekwisha kukubali kumkopesha pauni milioni saba na nusu, na mkopo ule ukazuiwa. Wapo waliosema ni kichwa kigumu. Mimi naona mtu aliyetia sahihi mbele ya wenzake alikuwa hana njia nyingine, ila kuwa mwongo.

Siku mbili baadaye Uingereza ikapiga marufuku kupeleka mafuta Rhodesia. Jambo hili lilionekana jema, lakini aliyeumia kwanza hakuwa Smith. Mafuta yote ya Zambia yalipita Rhodesia, na Smith alipofungiwa naye akaifungia Zambia. Rais Kaunda akajikuta ana migodi ya shaba inayolisha nchi nzima, na matangi matupu. Ndipo mapipa yakaanza kupelekwa Zambia kwa ndege, kutoka Dar es Salaam na Nairobi na Kongo. Fikiri, msomaji: ndege inachoma mafuta ili ipeleke mafuta! Wakati uleule malori yakashika barabara kutoka Dar es Salaam kupita Mbeya na Tunduma hadi Zambia. Barabara ile haikuwa na lami kwa sehemu kubwa. Wakati wa masika ilikuwa tope tupu, na madereva wengi walikufa wakipinduka na mapipa yao milimani. Smith kwa upande wake hakukosa mafuta. Aliyapata kwa Afrika ya Kusini na kwa Wareno wa Msumbiji, akaendelea kutawala mpaka mwaka wa 1979.

Nyerere na Kaunda walijifunza kwamba nchi isiyo na bahari haina budi kuwa na njia zaidi ya moja. Wakaamua kulaza bomba. Bomba lile la TAZAMA lina urefu wa kilomita 1,710, kutoka Dar es Salaam hadi Ndola. Walioijenga kazi hiyo ni Waitalia, na ilikwisha mwaka wa 1968. Zambia ilikuwa na hisa mbili katika kila tatu, na Tanzania moja. Reli ya TAZARA iliyojengwa na Wachina inasifiwa kila mahali, na ni haki yake. Lakini bomba lilitangulia kwa miaka saba, nalo halisikiki kwa kuwa limefukiwa chini.

Kwa nini Waitalia? Katika siku zile biashara ya mafuta ya dunia ilishikwa na makampuni makubwa saba, matano ya Marekani, moja la Uingereza, na moja la Uingereza na Uholanzi pamoja. Mwitalia mmoja, Enrico Mattei, mkuu wa shirika la serikali yao liitwalo ENI, aliwachukia wale saba kwa kuwa walimnyima nafasi. Akaanza kuwaendea wenye nchi wenyewe, Irani na Misri na wengine, akawapa masharti mema kuliko waliyoyazoea. Mattei alikufa katika ajali ya ndege mwezi wa Oktoba 1962, lakini shirika lake liliendelea na njia ileile, na hivyo likafika Dar es Salaam. Mwaka wa 1966 kiwanda cha kusafishia mafuta, TIPER, kilifunguliwa Kigamboni, ng'ambo ya bandari, na baadaye serikali ya Tanzania ikashika nusu yake. Mafuta ghafi yakaletwa kwa meli, na petroli ikatoka hapo hapo. Kiwanda kile kilifungwa mwishoni mwa miaka ya 1990, na petroli ikawa inaletwa ikiwa tayari imesafishwa.

Tufike mwaka wa 1973. Wengi wetu tumesoma darasani neno OPEC bila kulijua sana. Ni umoja wa nchi zinazouza mafuta, ulioundwa Baghdad mwezi wa Septemba 1960 na nchi tano: Irani, Iraki, Kuwaiti, Saudia na Venezuela. Waliungana kwa sababu makampuni yalikuwa yakipunguza bei bila kuwauliza wenye mali. Miaka kumi na zaidi umoja ule ulionekana kama mkutano wa maneno tu. Kisha mwezi wa Oktoba 1973 vita vilianza baina ya Waarabu na Israeli. Nchi za Kiarabu zenye mafuta zikapunguza utoaji, zikaifungia Marekani na Uholanzi, na OPEC ikapandisha bei. Pipa moja, yaani kama lita 159, lililokuwa na bei ya dola 3 hivi, lilifika dola 11 na zaidi tarehe 1 Januari 1974. Miezi mitatu tu!

Waafrika walikuwa upande wa Waarabu. Burundi ilivunja uhusiano na Israeli mwezi wa Mei 1973, na Tanzania ikafanya vivyo hivyo mwezi wa Oktoba. Kwa hiyo wengi walidhani rafiki atauziwa kwa bei ya urafiki. Umoja wa Afrika ukachagua kamati ya nchi saba kwenda kuzungumza na wenye mafuta. Bei mbili hazikupatikana. Waarabu walikubali kuwafungia mafuta Wareno, Rhodesia na Afrika ya Kusini, jambo ambalo Waafrika walilifurahia. Wakakubali pia kuunda benki ya kuikopesha Afrika, ambayo makao yake yaliwekwa Khartoum. Lakini mkopo hulipwa, na bei ya pipa ilikuwa ni ileile kwa tajiri wa London na kwa mkulima wa pamba wa Mwanza.

Hapa ndipo ninapomwona Mwalimu kuwa mtu wa ajabu. Nchi yake iliumia kuliko nyingi, maana mwaka uleule mvua zilikosekana, na ikabidi kununua nafaka ng'ambo. Angeweza kusimama na kuwalaani OPEC, na Ulaya ingempigia makofi. Hakufanya hivyo. Maoni yake yalikuwa kwamba wale wenye mafuta wamefanya lile ambalo wenye kahawa, mkonge, pamba na shaba wangepaswa kulifanya zamani: wamekaa pamoja, wakakataa kupangiwa bei ya mali yao. Miaka mingi alikuwa akieleza kwamba trekta lilelile linadai tani nyingi zaidi za mkonge kila mwaka, ingawa mkulima hakupunguza jasho. Na mwezi wa Februari 1979, nchi maskini zilipokutana Arusha, aliwaambia wajifanye chama cha wafanyakazi cha maskini wa dunia, akaitaja OPEC kuwa mfano wa nguvu za umoja. Wakati huohuo aliona vizuri kwamba mfano ule unamkaba koo.

Labda hapa alitumaini mno. Mafuta hukaa chini ya ardhi yakingoja bei, wala hayaozi. Kahawa haingoji. Mkulima wa Ngozi au wa Bukoba asipouza msimu huu, mtoto wake hana karo. Tena mafuta yana wauzaji wachache, na kahawa ina wauzaji kila bara. Mimi sijaona umoja wa kahawa uliofanya kama OPEC ilivyofanya.

Mwalimu hakukaa kungoja huruma. Shirika la serikali la mafuta, TPDC, liliundwa mwaka wa 1969, likapatana na Waitalia wale wale watafute mafuta pwani. Mwaka wa 1974, katikati ya shida, wakatoboa kisiwani Songo Songo, karibu na Kilwa. Hawakukuta mafuta bali gesi. Katika siku zile gesi ilionekana kama bahati ya mtu aliyechimba kisima cha maji akakuta chumvi. Ilikaa chini miaka thelathini. Ilipofika Dar es Salaam kwa bomba kuwasha umeme, ulikuwa mwaka wa 2004, na Mwalimu hakuiona.

Raia walibanwa. Magari ya watu binafsi yalikatazwa kutembea Jumapili tangu saa nane za mchana. Wenye magari walinung'unika, na wasio na magari, ambao ndio wengi, walicheka kidogo. Lakini lori la mbolea nalo lilikosa mazuti, na hapo hakuna aliyecheka.

Kisha ikaja vita vya Idi Amin. Majeshi ya Amin yaliingia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, na Tanzania ikayarudisha, ikaendelea mpaka Kampala. Amin alikuwa na rafiki mwenye visima, Kanali Gaddafi wa Libya, mmoja wa OPEC. Gaddafi alimpa Nyerere saa ishirini na nne aondoe majeshi yake, Nyerere hakuyaondoa. Basi Gaddafi akaleta askari na silaha, nao wakashindwa. Mwezi wa Machi 1979 ndege ya Libya ilirushwa ipige matangi ya mafuta ya Mwanza. Ikakosa mji mzima, ikapiga hifadhi ya wanyama katika kisiwa cha Saanane, na waliokufa ni wanyama. Tarehe 11 Aprili Kampala ikaanguka. Ushindi ulikuwa mkubwa, lakini gharama yake ilikaribia dola milioni 500, na mwaka huohuo mapinduzi ya Irani yalipandisha bei ya mafuta mara ya pili, mpaka zaidi ya dola 30 kwa pipa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 karibu nusu ya fedha za kigeni za Tanzania zilikwenda kununua mafuta tu. Wakubwa wa fedha wa dunia wakaleta masharti, Mwalimu akayakataa. Tarehe 5 Novemba 1985 akatoka Ikulu kwa hiari yake, na aliyemfuata akayakubali mwaka uliofuata.

Baada ya kustaafu aliongoza Tume ya Kusini, iliyokuwa na ofisi Geneva, kutoka 1987 hadi 1990. Sitakaa hapo. Nataka kufika nyumbani.

Nchi yetu iliingia katika vita baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa tarehe 21 Oktoba 1993. Mwaka wa 1996 Mwalimu, akiwa mzee wa miaka sabini na nne, alikuwa akiwakutanisha wakubwa wetu Mwanza ili wapatane. Tarehe 25 Julai mwaka ule Meja Pierre Buyoya akachukua serikali kwa nguvu za jeshi. Siku sita baadaye, tarehe 31 Julai, wakuu wa nchi jirani walikutana Arusha, na Mwalimu alikuwa pamoja nao. Wakakata shauri kuifungia Burundi biashara, mpaka bunge lirudi, vyama viruhusiwe, na wote wanaopigana waitwe mezani. Mipaka ikafungwa na Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Zaire na wengineo. Kahawa yetu ikakwama ndani, mafuta yakakwama nje.

Mimi sikuwa nimezaliwa. Lakini wazee wa Buterere wanakumbuka esansi ikiuzwa kwa chupa kando ya njia, ikitoka Uvira au ikivushwa usiku ziwani, na bei yake ikipanda kabla hujamaliza kuuliza. Mwezi wa Aprili 1997 majirani waliruhusu chakula, dawa na vitabu vya shule kupita. Mafuta ya biashara hayakuwamo. Waliokuwa na jamaa mipakani walitajirika. Wengine walibeba mchele kichwani kutoka mashambani kwenda soko la mjini, kama vile gurudumu halijavumbuliwa.

Nimejiuliza mara nyingi jambo hili. Huyu ndiye aliyeona mwaka wa 1965 Zambia ikinyongwa kwa kufungiwa mafuta, naye akafanya kila njia ili mapipa yapite. Huyu ndiye aliyejua kwamba ukifunga mafuta, aliye karibu na bunduki huyapata na mkulima huyakosa. Alikubalije? Serikali ya Buyoya ilisema anaegemea upande mmoja. Wengine husema alimkumbuka Rwagasore, hakuvumilia kuona nchi ya rafiki yake ikitawaliwa kwa bunduki. Nadhani aliona kwamba kati ya majeshi ya jirani kuvuka mpaka, na majirani kukaa kimya wakati watu wanachinjana, kufunga njia ndiyo dawa iliyobaki. Nadhani tena kwamba dawa ile waliinywa wasiougua. Mambo haya mawili nimeshindwa kuyapatanisha, na mwalimu wetu wa historia alipoyasikia alisema niyaache yalivyo.

Lililo hakika ni kwamba meza ilipatikana. Mazungumzo ya Arusha yalifunguliwa mwezi wa Juni 1998, na Mwalimu akiwa msuluhishi. Tarehe 23 Januari 1999 majirani wakasimamisha vikwazo, na malori ya mafuta yakaanza tena kupita mpakani. Mazungumzo yalikwenda polepole mno. Vyama vilikuwa vingi, na kila kimoja kilikuwa na wafu wake. Mwalimu alikuwa akiugua saratani ya damu. Alipelekwa London, akafa katika hospitali ya St. Thomas' tarehe 14 Oktoba 1999, akazikwa kwao Butiama. Kiti chake cha usuluhishi akapewa Nelson Mandela mwezi wa Desemba, na mkataba ukatiwa sahihi Arusha tarehe 28 Agosti 2000.